Sauti ya Jumatano

Rekodi ilikuwa na urefu wa dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Inspekta Paskazia Mutalemwa alikuwa ameisikiliza mara tano tangu alfajiri. Mara ya sita aliisikiliza amesimama dirishani, spika ndogo ikiwa juu ya jalada la kesi.

Mwanamke anaimba bila ala. Nyuma yake karasha inasaga mawe ya dhahabu. *Nimewapa wimbo, mkanipa kimya. Kimya nimekivaa, leo nakivua.* Sauti inapanda, inashuka, inarudia mstari wa pili kana kwamba haikuridhika nao. Kisha kifaa kinazimwa.

"Afande, utaukariri," alisema Sajini Nkwabi kutoka mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, aliyehamia Geita mwezi uliopita baada ya miaka kumi na moja ya kufuatilia wizi wa ng'ombe huko Shinyanga.

"Nimeshaukariri. Nasikiliza kisichoimbwa."

Jalada lilimfikia Jumamosi, baada ya mpelelezi wa kwanza kulazwa. Mambo yaliyoonekana kuthibitishwa yalijaa ukurasa mmoja. Wema Mayala, umri miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kolandoto, mkazi wa Rwamgasa, alikuwa mtunzi wa nyimbo. Nyimbo zake kumi na nne zilikuwa zinapigwa redioni, kwenye kumbi na katika mabasi ya Kahama, zikiimbwa na watu wengine. Maarufu kati yao alikuwa Klara, ambaye picha yake ilibandikwa mpaka kwenye milango ya saluni za Katoro. Mchana Wema alichekecha unga wa mawe kwenye karasha ya Mama Zipora. Ijumaa ya juma lililopita mwili wake ulikutwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji, lililoachwa, kilomita mbili kutoka machimboni. Alikuwa amepigwa kisogoni kabla ya kutupwa. Daktari aliandika kwamba alikufa si kabla ya Jumanne mchana, wala si baada ya Jumatano usiku.

Mtuhumiwa alikuwa mchumba wake, Benjamini Shija. Walisikika wakigombana Jumatatu. Shati lake lilikuwa na damu. Toka Jumanne saa sita mchana mpaka Jumatano saa saba mchana hakuachana na wenzake kumi na mmoja, kwanza shimoni kisha nje, na wote walisema hivyo. Lakini utetezi huo haukumsaidia, kwa sababu ya rekodi. Meneja wa Wema, Fredy Luhende, alisema aliirekodi mwenyewe Rwamgasa, Jumatano saa nne asubuhi, akamwacha Wema mzima, akarudi Shinyanga. Saa ya kifaa ilionyesha hivyo. Kuanzia saa kumi jioni ya Jumatano Fredy alikuwa studio na kwaya nzima. Benjamini alisema alasiri hiyo alilala chumbani. Hakuna aliyemwona amelala.

Kesho saa tatu asubuhi angefikishwa mahakamani kwa mauaji. Kosa hilo halina dhamana.

"Mlete," alisema Paskazia.

Benjamini aliingia na pingu, macho mekundu kwa vumbi la siku nyingi na usingizi mchache.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Jumatatu mligombana nini?"

"Nimeshasema."

"Sema tena. Mimi sikuwepo."

"Nilimwambia aimbe mwenyewe. Akasema sura yake si ya kuimba. Nikamwambia, na sura ya nani ni ya kuimba? Klara bila wewe ni kibiriti bila njiti. Akakasirika. Halafu akacheka. Majirani walisikia hasira tu, kicheko hawakukiandika."

"Damu kwenye shati?"

"Ya Ignas. Tulimtoa na jiwe kifuani." Alitazama chini. "Niliwaambia wale wa kwanza. Walisema itapimwa."

Paskazia alifungua ukurasa wa vielelezo. Sampuli ilikuwa imepelekwa, majibu hayakuwa yamerudi. Aliandika mstari mmoja pembeni.

"Sikiliza hii," alisema, akabonyeza spika.

Benjamini alifumba macho tangu neno la kwanza. Wimbo ulipoisha Paskazia aliuliza:

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Lakini imekatwa."

"Wapi?"

"Mwanzo. Wema hakuanza wimbo hivyo hata siku moja. Kabla ya kuimba lazima aseme ni wa nani. 'Huu wa Klara, auimbe taratibu.' 'Huu wa kwaya ya Tinde, wasiufanye harusi.' Fungua rekodi zake zote. Alikuwa anasema wimbo usio na mwenyewe hutanga."

Nkwabi alikuwa na rekodi tisa za zamani, zilizochukuliwa kwenye kompyuta ya Wema. Walizifungua moja baada ya nyingine. Katika zote tisa Wema alitaja jina la mwimbaji kwanza. Katika zote tisa karasha ilisikika nyuma.

"Kwa nini alirekodi kwenye kelele?" aliuliza Paskazia.

"Ile mashine ndiyo ilikuwa ngoma yake," alisema Benjamini. "Fredy alimgombeza miaka minne. Wema akamjibu, wewe futa, mimi naimba."

Saa mbili na nusu walikuwa njiani kuelekea Rwamgasa. Paskazia aliendesha mwenyewe. Nkwabi alishika spika magotini kama mtu aliyebeba kuku.

"Afande, huko tunakwenda kutafuta nini? Kelele ni kelele."

"Ng'ombe wa wizi ulimtambuaje, akiwa katika kundi la ng'ombe mia?"

"Si kwa rangi. Kwa alama ambayo mwizi amesahau kuifuta."

"Basi tunakwenda kutafuta alama."

Karasha ya Mama Zipora ilikuwa ya tatu kutoka barabarani, chini ya mabati yaliyogeuka rangi ya udongo. Jina lake halisi lilikuwa Scolastika, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kitambaa puani na sauti iliyozoea kushindana na injini.

"Mwangaluka, mayu," Nkwabi alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Msukuma na polisi? Umepotea njia gani?"

"Ya ng'ombe, mayu. Waliisha."

Mama Zipora alicheka, akamtazama Paskazia, akaacha kucheka. Alimwashiria kijana wa injini azime. Ukimya ulioshuka ulikuwa na mlio ndani yake.

"Mmekuja kwa ajili ya Wema."

"Ndiyo, mama. Naomba usikilize kitu. Usisikilize wimbo. Sikiliza mashine."

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Baada ya sekunde ishirini alinyoosha kidole.

"Hii yangu. Inapiga *ta*, *ta*, umesikia? Kila mkanda ukizunguka. Ulikatika nikaushona kwa waya, waya ukawa unagonga."

Paskazia alirudisha mwanzo. Mlio huo ulikuwepo, mkavu, wenye nafasi sawa. Alikuwa ameusikia mara saba na kuudhania sehemu ya injini. Walifungua rekodi mbili za zamani. Ndani yake haukuwepo.

"Ulikatika lini?"

"Jumanne ile. Saa sita hivi. Saa nane nikawasha tena."

"Na sasa? Mbona hausikiki?"

"Alhamisi nilinunua mkanda mpya Katoro. Ule wa waya ungeniua."

Paskazia aliandika: *Baada ya Jumanne saa nane. Kabla ya Alhamisi.* Jambo hilo lilikuwa bado upande wa Fredy. Aliuliza swali lililofuata kwa sababu lilikuwa linafuata tu.

"Kwa hiyo Jumatano saa nne asubuhi mashine hii ilikuwa na waya, na Wema alikuwa anaimba hapa."

Mama Zipora alishusha kitambaa puani.

"Jumatano ipi?"

"Ya juma lile."

"Nani awashe karasha Jumatano ile? Unataka nifukuzwe hapa?"

"Nieleze."

"Duara lilimeza mtu. Ignas, mtoto wa watu kutoka Kibondo. Jumanne, jua linazama. Duara likimeza mtu, mashine zote zinazimwa. Hakuna kusaga, hakuna kuosha mchanga, hata redio hupigi. Mpaka gari la maiti lipite ile barabara limpeleke kwao. Likishapita, ndipo watu wanawasha."

"Lilipita saa ngapi?"

"Jumatano, saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na jiwe mkononi. Tunatupa kila mmoja jiwe moja nyuma ya gari, lisirudi tena kuchukua mwingine."

"Mashine zote? Hata za wenye haraka?"

"Dada yangu, mwenye haraka ya dhahabu ni nani kama si mimi? Na mimi nilizima. Huyo atakayewasha, nani atampelekea mawe tena? Nani atashuka kwenye duara lake?"

Nkwabi alikuwa ameacha kutikisa mguu.

Paskazia alifunga daftari. Alikwenda karasha ya pili, ya nne, ya tano, akauliza kila mahali swali lilelile kwa maneno yaleyale, bila kutaja jibu la aliyetangulia. Alikwenda kwa muuza dizeli, ambaye alimwambia Jumanne ile aliuza mapipa mawili na Jumatano mpaka alasiri hakuuza hata kikombe. Alikwenda kwa katibu wa kamati ya wachimbaji, akasoma daftari la matukio: *Jumanne, saa 11.50 jioni, mashine zimezimwa. Jumatano, saa 9.20 alasiri, zimewashwa.* Alipiga picha ukurasa, akamwomba katibu aweke sahihi na tarehe. Kazi hiyo yote ilichukua saa moja na robo. Jua lilikuwa kali na vumbi lilipanda mpaka kwenye meno.

Aliporudi, Mama Zipora alikuwa amekaa juu ya gunia. Mashine ilikuwa bado imezimwa.

"Swali la mwisho, mama. Mara ya mwisho ulimwona Wema lini?"

"Jumanne. Nilipowasha, akachekecha mpaka saa tisa, akaomba ruhusa. Akaenda nyuma ya mabati yale. Nikamsikia anaimba. Anarudia mstari, anarudia. Nikajua anarekodi."

"Alikuwa na nani?"

"Sikuona. Gari nilisikia likiondoka, saa kumi hivi."

"Na msibani?"

Sauti ya mwanamke yule ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Hakuja. Wema hakukosa msiba hata mmoja, yeye ndiye alikuwa anatoa wimbo. Watu waliuliza. Mimi nikasema, mwacheni, amenuna na Benjamini wake. Nikasema sasa hivi anajiona mtu wa mjini. Nilimsengenya, kumbe nasengenya maiti." Alipangusa uso kwa kitambaa kilichojaa unga wa mawe, ukabaki na mchirizi mweupe. "Mbona hamkuniuliza mapema?"

"Kwa sababu rekodi ilituambia yuko hai," alisema Paskazia.

Ndani ya gari Nkwabi alihesabu kwa sauti, kama mtu anayekagua zizi.

"Waya ulianza kugonga Jumanne saa nane. Mashine zikazimwa saa kumi na moja na dakika hamsini. Zikawashwa Jumatano saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi Fredy yuko Shinyanga na kwaya nzima, na toka hapa mpaka Shinyanga ni saa tano kasoro. Kwa hiyo..."

"Jumanne. Kati ya saa nane na jua kuzama. Hakuna nafasi nyingine."

"Na Benjamini yuko chini tangu saa sita."

"Na watu kumi na mmoja."

"Tumpigie wakili wa Serikali, afande. Sasa hivi."

"Tumwambie nini? Kwamba saa ya kifaa ni ya uongo? Saa inaweza kukosewa na mtu mwaminifu. Fredy atasema alichanganya siku, atatushukuru kwa kumkumbusha. Nataka aseme Jumatano kwa mdomo wake, na aijaze maelezo."

Walipita Kahama bila kula. Tinde walisimama dakika tano kujaza mafuta. Kwenye kibanda cha simu wimbo wa Klara ulikuwa unapigwa, na mwenye kibanda alikuwa anauimba pia, akikosea mstari wa pili. Nkwabi alimsahihisha. Mwenye kibanda alimuuliza kama anamjua Klara.

"Namjua aliyeutunga," alisema Nkwabi.

"Si ni Klara?"

Nkwabi alipanda gari.

Studio ya Fredy Luhende ilikuwa mtaa wa nyuma, karibu na soko la Shinyanga. Walifika saa kumi na moja jioni. Fredy mwenyewe alifungua, shati safi, simu mbili mkononi, tabasamu la msiba. Ndiye aliyetoa hotuba kwenye maziko, Kolandoto.

"Inspekta, karibuni. Sajini. Soda? Maji?"

"Maji, asante. Hatutakuchosha. Mtuhumiwa anakwenda mahakamani kesho, na wewe ndiye shahidi wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai. Maelezo yako ya kwanza ni mafupi mno. Wakili wa utetezi atayachana."

"Kweli kabisa. Yule mpelelezi mwingine alikuwa na haraka."

"Mimi sina."

Nkwabi alitoa karatasi, akaandika tarehe na saa. Paskazia alisoma onyo la shahidi kuhusu kusema uongo. Fredy alitikisa kichwa kwa heshima.

"Ulifika Rwamgasa lini?"

"Jumatano asubuhi. Saa tatu na nusu."

"Huna shaka na siku?"

"Inspekta, kwaya ilikuwa inanisubiri hapa saa kumi. Siku hiyo siwezi kuisahau. Na kifaa kinaonyesha."

"Mlirekodia wapi?"

"Nyuma ya karasha, kwenye mabati. Nilimsihi tusogee mbali na kelele. Akakataa, kama kawaida yake. Sikiliza rekodi, mashine ile pale. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha tulikuwa wapi."

"Nimeisikiliza. Mashine nyingine nazo zilikuwa zinafanya kazi?"

"Zote. Rwamgasa ni Rwamgasa."

"Watu?"

"Wengi. Wanachekecha, wanabeba mawe, vijana wanapiga muziki. Purukushani tu."

"Mama Zipora ulimwona?"

"Nilimsikia. Yule mama humsikii vipi? Alikuwa anamfokea kijana wa injini." Alicheka kidogo. "Nadhani mkanda ulikuwa unasumbua."

Kalamu ya Nkwabi ilisita, kisha ikaendelea.

"Wimbo huu ulikuwa wa nani?"

"Wa Klara. Tunautoa mwezi ujao. Kwa kumbukumbu ya Wema, bila shaka."

"Wema alikuwa na desturi ya kutaja mwimbaji kabla ya kuanza. Hapa hakutaja."

Fredy aliweka simu moja juu ya meza, akaigeuza kioo chini.

"Siku hiyo hakutaja. Mtunzi si mashine."

"Hakuna kilichokatwa?"

"Labda kukohoa. Nilisafisha mwanzo. Ni kazi yangu."

"Andika hivyo, Sajini. Alisafisha mwanzo."

Nkwabi alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, polepole, kila *Jumatano* ikitamkwa kwa ukamilifu. Fredy alirekebisha neno moja, *purukushani*, akataka liwe *shughuli*. Kisha alitia sahihi chini ya kila ukurasa. Kurasa zilikuwa tatu.

Paskazia alizikusanya, akazilinganisha kingo, akaziweka kwenye bahasha. Halafu akatoa simu, akapiga.

"Wakili? Mutalemwa hapa. Jalada la Benjamini Shija lisipande kesho... Ndiyo. Nina sababu, na nina maandishi. Nitakuletea asubuhi kabla ya saa mbili. Na naomba kibali cha kupekua studio."

Alikata. Fredy alikuwa bado amekaa, lakini mgongo wake ulikuwa umeachana na kiti.

"Sijaelewa, inspekta. Studio ipi?"

"Hii. Sajini, usimruhusu aguse kompyuta wala kile kifaa cha kurekodia. Nautaka mwanzo uliokatwa; nadhani Wema alisema wimbo huu ni wake mwenyewe. Bwana Luhende, kuanzia sasa wewe si shahidi. Huna lazima ya kusema lolote, na lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Umeelewa?"

"Kwa nini? Nimewasaidia! Nimewaambia kila kitu!"

"Umetuambia. Mashine zote zinasaga, vijana wanapiga muziki, mkanda wa Mama Zipora unasumbua. Uliyaona kweli hayo yote. Swali ni siku."

"Jumatano! Nimesema Jumatano!"

"Umesema, na umetia sahihi kurasa tatu. Ndugu yangu, Ignas alikufaje?"

Fredy alimtazama Paskazia, akamtazama Nkwabi, akarudi kwa Paskazia. Uso wake ulikuwa unatafuta.

"Ignas yupi?"

"Ignas wa Rwamgasa."

"Simjui mtu anayeitwa Ignas."

"Jumatano saa nne asubuhi," alisema Paskazia, "alikuwa amelazwa njia panda ya machimboni, amefunikwa shuka. Watu mia nne walikuwa wamekaa chini wamemzunguka, na hakuna mashine hata moja iliyokuwa inasikika. Usingeweza kupita bila kuruka miguu yao."

Alichukua ile spika ndogo iliyokuwa mezani kando ya Nkwabi, akaizima.

"Najua humjui."